Tumbo likivurugika ugenini: hesabu saa kabla ya kumeza kidonge

Fungua mkoba wa msafiri anayepanda basi Nyegezi, Mwanza, kwenda Mutukula kwenye mpaka wa Uganda, au wa mfanyabiashara anayefuata mzigo Guangzhou, China, na mara nyingi utakuta karatasi ya vidonge vya Flagyl. Pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kurudisha maji mwilini, huioni. Mambo yamegeuzwa chini juu. Flagyl, yaani metronidazoli, inaua amiba, kimelea Giardia na bakteria wanaoishi pasipo oksijeni. Haigusi virusi, haigusi bakteria Salmonella wala Shigella, na haigusi zile aina za E. coli ambazo ndizo kisababishi kikubwa cha kuharisha kwa wasafiri. Mtu anaimeza leo, keshokutwa anapata nafuu, anaisifu. Angepata nafuu hata bila kuimeza, kwa kuwa kuharisha kwingi kwa safarini huisha kwenyewe ndani ya siku tatu hadi tano. Kinachomlaza mtu hospitali katika siku hizo mara nyingi ni maji na chumvi zilizotoka mwilini bila kurudishwa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "ninywe dawa gani?" kuna maswali mawili ya kujibu: tumbo limeanza saa ngapi baada ya kula nini, na mwili umepoteza maji kiasi gani.

Saa zinasema nini

Karibu kila mgonjwa humlaumu aliyempikia mlo wa mwisho. Wakati mwingine yuko sahihi, mara nyingi anamsingizia.

Kama kutapika kumeanza kati ya saa moja na sita baada ya kula, tena kwa ghafla na bila homa, basi sumu ilikuwa tayari ndani ya chakula. Bakteria wawili ndio wenye sifa hiyo. Wa kwanza ni Staphylococcus aureus, anayetoka kwenye pua, mikono na vidonda vya mpishi na kuingia kwenye chakula kinachoshikwashikwa kisha kikaachwa: nyama ya sambusa, keki yenye krimu, saladi yenye mayonezi. Wa pili ni Bacillus cereus, na huyu anapenda wali. Mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Wali ukibaki kwenye sufuria kubwa mezani tangu mchana, mbegu zinaamka, bakteria wanaongezeka na kutengeneza sumu isiyovunjwa na moto wa jikoni. Ndiyo maana "niliupasha mpaka ukatoa moshi" haimsaidii mtu. Wali unaotaka kuula kesho utandaze kwenye chombo kipana, upoe haraka, uingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Tumbo la namna hii hutesa vikali na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja. Antibayotiki hazina kazi hapa, kwa sababu ulichokula ni sumu.

Ikiwa ni kati ya saa 6 na 24, tumbo linanyonga na kuharisha kupo lakini kutapika ni kidogo, fikiria sufuria kubwa za shughuli: pilau ya harusi, mchuzi wa nyama uliopoa taratibu usiku kucha. Huyo ni Clostridium perfringens. Naye huondoka upesi.

Kati ya saa 12 na 48, watu kadhaa wanaokaa pamoja wakianza kutapika na kuharisha kwa kufuatana, hasa hotelini, bwenini au melini, mtuhumiwa wa kwanza ni norovirus. Jeli ya kusafishia mikono yenye spiriti haimwezi vizuri. Sabuni na maji yanayotiririka vinamwondoa.

Baada ya hapo saa zinageuka siku. E. coli wa wasafiri, Salmonella na Shigella kwa kawaida huonekana kati ya siku moja na tatu. Campylobacter, ambaye njia yake kuu ni kuku asiyeiva vizuri, huchukua siku mbili hadi tano. Tuseme mtu ametoka Mwanza Jumapili, amefika Kampala Jumatatu, Jumanne asubuhi tumbo limechafuka. Atamlaani muuza rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) wa Wandegeya, ilhali huenda chanzo ni kuku aliyemla nyumbani Jumamosi. Taifodi huchukua wiki moja hadi tatu. Giardia, yule wa tumbo kujaa gesi, kubeua harufu ya yai viza na choo chenye mafuta, huchukua wiki moja hadi mbili. Amiba mara nyingi ni wiki mbili hadi nne. Kwa hiyo aliyekaa Kigali siku tatu halafu akaambiwa ana amiba "aliyoipata hukohuko" ana haki ya kuuliza maswali zaidi.

Kipindupindu kinasimama peke yake: kinaweza kuanza saa chache tu baada ya kuambukizwa au kuchukua hadi siku tano, choo ni kama maji yaliyooshea mchele, mara nyingi bila homa na bila maumivu makali. Kikikomaa kinaweza kumtoa mtu hadi lita moja ya maji kwa saa. Hapo hakuna kusubiri asubuhi.

Kuna na sumu moja ya samaki ambayo sisi tuliolelewa na sangara na sato hatuna mazoea nayo. Ukifika Dar, Zanzibar au Dubai ukala jodari au vibua waliokaa bila barafu, ndani ya dakika chache hadi saa moja uso unawaka moto, mwili unawasha, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Ni histamini iliyojitengeneza kwenye nyama ya samaki, na kupika hakuiondoi. Dawa za mzio kama setirizini hutuliza. Mtu akibanwa pumzi au midomo ikivimba, apelekwe hospitali mara moja.

Watu wa kwetu husema msafiri "amebadilisha maji". Wenyeji wanakula chakula kilekile na hawaugui kwa sababu matumbo yao yalishakutana na E. coli wa mtaa ule na yakajijengea kinga. Kinga ya tumbo la Kirumba haivuki mpaka yote. Na mgeni anayeshuka Mwanza hana ya kwetu.

Maji, chumvi na sukari

Utumbo unaoharisha bado una njia moja iliyo salama. Kwenye ukuta wake kuna mlango wenye funguo mbili: chumvi haipiti mpaka iingie pamoja na sukari ya glukosi, na zikishaingia zote mbili, maji huzifuata. Sumu za kipindupindu na E. coli huvuruga njia nyingine lakini mlango huo huuacha ukifanya kazi. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi, na maji ya chumvi peke yake hayafai.

Fomula ambayo Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanaitumia tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ni hii, kwa lita moja ya maji: gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitireti. Angalia jinsi sukari ilivyo kidogo. Soda ya kawaida ina takriban gramu 100 za sukari kwa lita na chumvi karibu hakuna. Sukari nyingi kiasi hicho huvuta maji kutoka mwilini kuyaingiza kwenye utumbo, na kuharisha kunazidi. Kuongeza chumvi kwenye soda hakuifanyi iwe ORS. Vinywaji vya kuongeza nguvu ni vilevile.

Kosa kubwa liko kwenye chupa. Pakiti nyingi za madukani kwetu ni za lita moja, lakini zipo za mililita 500, na nchi nyingine zinauza za mililita 200. Soma. Msafiri anachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, anamimina pakiti ya lita moja, anatikisa: amepata dawa nyepesi isiyofikia kipimo. Mwingine anatia nusu pakiti kwenye kikombe kwa kukadiria kwa macho, na hilo ni baya zaidi, maana chumvi ikizidi inamdhuru mtu, mtoto hasa. Njia rahisi ya safarini ni kununua chupa mbili za mililita 500, kutafuta chombo kimoja kinachotosha lita, kisha kumimina pakiti nzima kwa mara moja. Usiichemshe baada ya kuchanganya, usiongeze juisi, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwage.

Pakiti ikikosekana: lita moja ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu, siyo vya mlima. Onja. Kama ni chungu cha chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya. Mchanganyiko huu hauna potasiamu, hivyo usindikize na ndizi mbivu.

Mtu mzima anywe mililita 200 hadi 400 kila baada ya choo cha maji. Mtoto wa miaka 2 hadi 10 apewe 100 hadi 200, na wa chini ya miaka 2 apewe 50 hadi 100. Mama anyonyeshe kama kawaida, tena zaidi. Mtoto apewe pia zinki: miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au miligramu 10 kama hajafikisha miezi 6. Zinki hupunguza muda wa kuharisha, na wazazi wengi huiacha mara choo kikikaza siku ya tatu. Imalizwe.

"Anatapika kila anachokunywa" ndiyo sababu inayotolewa zaidi ya kuiacha ORS. Kwa kawaida anatapika kwa kuwa amepewa glasi nzima naye ana kiu. Subiri dakika 10, kisha mpe kijiko cha chai kila baada ya dakika mbili. Inaonekana kama mzaha, ila kijiko ni mililita 5, na vijiko 30 kwa saa ni mililita 150. Mkojo ukirudi kuwa mwepesi wa rangi, mmekwenda vizuri.

Chakula kirudi mara hamu ikirudi: uji wa mchele, viazi, ndizi za kupika, supu. Kumfungisha mgonjwa mpaka choo kikaze ni desturi isiyo na faida. Maziwa yasiyoganda yanaweza kumsumbua kwa siku chache. Mtindi huvumilika zaidi.

Basi, kuchimba dawa, na loperamidi

Loperamidi haiponyi. Inapunguza mwendo wa utumbo ili choo kikae. Lakini mtu aliye na safari ya kutwa nzima kwenye basi ambalo konda ndiye anayeamua mkachimbe dawa wapi ana sababu halali ya kuitumia. Mtu mzima huanza na vidonge viwili vya miligramu 2, kisha kimoja baada ya kila choo cha maji, bila kuvuka miligramu 8 kwa siku pasipo maelekezo ya daktari. Kuzidisha sana huvuruga mapigo ya moyo. Huchukua saa moja au mbili kufanya kazi, hivyo inamezwa kabla ya kutoka nyumba ya wageni. Ukiimeza basi likiwa limeshaiacha Geita, umechelewa. ORS inaendelea palepale.

Kama kuna damu kwenye choo au homa, loperamidi ni marufuku: unawafungia wadudu ndani. Watoto wasipewe kabisa.

Antibayotiki hazihitajiki kwa tumbo la kawaida. Zinahitajika pale kuharisha kunapokuwa kukali kiasi cha kumlaza mtu, au kukiwa na damu pamoja na homa. Hapo wataalamu siku hizi hupendelea azithromaisini kuliko Cipro (siprofloksasini), hasa Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki, ambako usugu dhidi ya Cipro umeenea. Na kuna mtego: damu kwenye choo bila homa, ukiwa Ulaya, Marekani au Japani, inaweza kuwa ni E. coli wa aina inayoharibu figo, na baadhi ya antibayotiki zinaweza kuongeza hatari hiyo. Choo kipimwe kwanza.

Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni, vipenzi vya maduka yetu, huumiza figo za mtu aliyekaukiwa maji. Mwenye vidonge vya presha vinavyokojosha, au anayetumia metfomini kwa kisukari, ampigie daktari wake kabla ya kuendelea navyo akiwa anaharisha sana. Anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango akitapika ndani ya saa tatu ameze kingine, na kuharisha kukali kunakozidi siku moja kuhesabiwe kama kusahau kidonge. ARV zisikatizwe. Ukizitapika muda mfupi baada ya kumeza, piga simu kliniki yako. Jambo dogo la pembeni kwa wa Dubai: tramadoli na dawa zenye kodeini zinadhibitiwa vikali kule. Usizitie mkobani bila kibali.

Usalama wa chakula na maji ni mambo machache yanayojulikana: chakula kinachotoa mvuke, tunda unalolimenya mwenyewe, kachumbari na barafu uvipishe. Maji yachemke yakitokota dakika moja. Klorini inahitaji dakika 30 na maji yasiyo na tope, na hata hivyo haimwui kimelea Cryptosporidium, ambaye kuchemsha kunammaliza. Maji ya ziwa, yawe ya Ukerewe au ya mwalo wowote, hayawi salama kwa sababu yanaonekana maangavu.

Homa ikiingia, taja ulikotoka

Sehemu hii ndiyo inayopuuzwa, nayo ndiyo inayoweza kugharimu maisha. Malaria huweza kuja na kutapika na kuharisha, hasa kwa watoto. Ya aina ya falciparum, iliyo ya kawaida Kanda ya Ziwa, huonekana kati ya siku 7 na 30 baada ya kuumwa na mbu. Mtu anaweza kutoka Mwanza mzima, akashikwa na homa na kutapika akiwa Guangzhou wiki ya pili, na daktari wa kule, ambaye huenda hajaona malaria kwa muda mrefu, akaandika kuwa ni tumbo tu na kumtundikia dripu. Sema mwenyewe, sentensi ya kwanza kabisa: natoka Tanzania, eneo lenye malaria, naomba kipimo cha damu. Andika hilo kwenye simu kwa lugha ya huko kabla hujaugua. Kipimo cha haraka hutoa jibu kwa takriban dakika 20. Kwa China andika pia jina la ORS kwa matamshi yao, koufu buyeyan, umwonyeshe mwuza dawa. Namba ya gari la wagonjwa China ni 120, Falme za Kiarabu 998, India 112.

Upande wa pili wa sarafu ni kipimo cha Widal. Majibu ya "taifodi" yanayotolewa dakika chache baada ya kutoa damu, kwa kipimo hiki, hayaaminiki sana katika maeneo ambayo watu wengi walishakutana na wadudu wanaofanana. Kinachothibitisha ni kuotesha damu maabara, na damu hiyo ichukuliwe kabla ya antibayotiki.

Nenda hospitali bila kujadiliana endapo kuna damu kwenye choo, homa inayozidi nyuzi 38.5, kutapika kunakozuia hata vijiko, saa 8 bila mkojo, macho kudidimia, ngozi ikifinywa inachelewa kurudi, au kuchanganyikiwa. Mtu mzima asivuke siku tatu za kuharisha bila kuonwa, mtoto asivuke siku moja. Mjamzito, mzee, mwenye kisukari na mwenye kinga pungufu waende mapema zaidi, na kwa mtoto mchanga angalia utosi uliobonyea.

Baada ya kurudi

Tumbo likiendelea kwa wiki mbili au zaidi, pimwa choo kwa darubini, na hapa ndipo Flagyl inaweza kustahili nafasi yake, kwa Giardia au amiba iliyoonekana. Usinywe pombe ukiwa nayo. Ndugu aliyetoka ughaibuni akaogelea ziwani, kisha wiki mbili hadi nane baadaye akapata homa, kikohozi, kuwashwa mwili na tumbo kuvurugika, amwambie daktari wa kule aliko kuwa aligusa maji ya Ziwa Victoria. Kichocho ni miongoni mwa vitu vya kutafuta.

Mama lishe, mchoma sato na yeyote anayegusa chakula cha wengine wakae nje ya jiko mpaka saa 48 zipite tangu kuharisha au kutapika kwa mwisho. Kujisikia mzima hakutoshi, maana norovirus huendelea kutoka kwenye choo hata baada ya nafuu. Choo cha nyumbani kisafishwe kwa maji yenye klorini, taulo ya mgonjwa isichangiwe, na mikono ioshwe kwa sabuni kila mara kabla ya kushika sufuria.